Kompyuta Chakavu na Tende Mbovu



Mwanamke akikaribia kuolewa hupanga vitu vyake mafungu matatu: vya kwenda navyo, vya kuwaachia wadogo zake, na vya kutoa sadaka. Zamani fungu la tatu lilikuwa kanga zilizopauka, viatu na sufuria. Siku hizi utakuta na laptopu ya chuo isiyokaa na chaji, simu mbili zilizopasuka vioo, na pengine ile kompyuta ya mezani ya baba ambayo hakuna anayekumbuka iliwashwa lini mara ya mwisho. Na kauli ni ile ile: "Tuwapelekee skuli, au madrasa, tupate thawabu." (Nyinyi wa visiwani mnasema skuli, sisi wa huku tunasema shule. Nitachanganya, mnisamehe.)

Mimi ni fundi cherehani. Nashona shela na magauni ya harusi hapa Isaka, wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga. Isaka ni mji wa mizigo. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza imepita hapa tangu mwaka 1928, na tuna bandari kavu ambako makontena yanayotoka Dar es Salaam kwa treni hupandishwa kwenye malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Baada ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, chakula cha msaada cha WFP kwa ajili ya nchi za Maziwa Makuu kilipita kwenye njia hii hii. Kwa hiyo msaada ndani ya kontena si kitu kigeni kwetu. Na aliyekaa karibu na makontena anajua kwamba likishafungwa, maandishi ya nje hayakuhakikishii kilichomo ndani.

Kompyuta zilizotumika zina historia yake ya kutolewa sadaka, ya miaka kama thelathini hivi, na sisi wa Afrika Mashariki tumo ndani yake tangu mwanzo. Kuna sehemu ya kusifia na kuna sehemu ya aibu. Nataka tuipitie, kwa sababu biharusi anayebeba laptopu yake kuipeleka madrasa anaingia kwenye historia hiyo hiyo, ajue asijue.

Lakini kwanza turudi nyuma zaidi, mpaka Madina. Imepokewa kutoka kwa sahaba Al-Baraa bin Azib, katika hadithi iliyomo kwenye Tirmidhi, kwamba Ansari waliokuwa na mitende walikuwa wakileta mashada ya tende na kuyatundika msikitini. Masikini wa Suffa, wale waliohama bila kitu, akishikwa mmoja na njaa huja akaligonga shada kwa fimbo, zikaanguka tende akala. Basi wakatokea watu wasioipenda sana kheri, wakawa wanaleta mashada ya tende zilizonyauka, zisizo na nyama, au shada lililokwisha kuvunjika. Ndipo ikateremka aya ya 267 ya Suratul Baqara, inayokataza kukusudia kibaya ukakitoa hali ya kuwa wewe mwenyewe usingekipokea ila kwa kufumba macho. Angalieni vizuri, waliofanya vile hawakukataa kutoa. Walitoa, tena hadharani, msikitini. Tatizo lilikuwa kilichotundikwa.

Sasa tuje kwetu.

Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha. Miaka iliyofuata haikuwa ya furaha. Mashine zilikuwa ghali, wataalamu walikuwa wageni, hesabu za serikali zikavurugika na fedha nyingi zikapotea. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, na televisheni zikawekwa kwenye marufuku hiyo hiyo. Hapa ndugu zangu wa Zanzibar mtacheka, maana nyinyi mlishakuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, wakati sisi bara tulisubiri mpaka 1994 ndipo kituo cha kwanza kikaanza kurusha matangazo. Marufuku ya kompyuta ililegezwa kidogo kidogo kuanzia miaka ya themanini, na Sera ya Taifa ya kwanza ya Tehama ikatoka mwaka 2003.

Naitaja marufuku hii kwa sababu inaeleza njaa iliyokuja baadaye. Mlango ulipofunguka, tulikuwa nyuma ya wenzetu kwa miaka ishirini. Kompyuta mpya ilikuwa bei ya ng'ombe kadhaa. Mtu yeyote aliyesema "ninazo kompyuta mia za bure" alipokelewa kwa ngoma.

Na huko Ulaya waliokuwa nazo za bure walikuwa wengi. Kampuni kubwa hubadilisha kompyuta kila baada ya miaka mitatu au minne hata kama bado nzima. Kisha mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ukaanza kutumia sheria inayowabana watengenezaji na wauzaji wagharamie wenyewe mwisho wa vifaa vyao vya umeme, visitupwe ovyo dampo. Kwa hiyo kompyuta kuukuu ikawa ni gharama kwa mwenye nayo. Tangu hapo anayetoa amekuwa na sababu mbili, kusaidia na kujiondolea mzigo, na wakati mwingine hata yeye mwenyewe hajui ipi ndiyo inayomsukuma.

Sisi mafundi wa nguo tunalijua jambo hili kupitia mitumba. Wazee waliiita "kafa Ulaya", kwa kudhani mwenye nguo kafariki. Mtumba ulipoanza kuingia kwa wingi miaka ya themanini, ulivika watu waliokuwa wanavaa viraka, na wakati huo huo ukawabana waliokuwa wanashona. Lakini nguo ina uaminifu wake. Unaigeuza, unaangalia mshono, unavuta kitambaa kama kimechoka, unainusa. Ndani ya dakika moja unajua ni gredi ya kwanza au ni dekio. Kompyuta huwezi kuigeuza nje ndani. Inaweza kung'aa na kumbe ndani imekufa, na anayekuja kulijua hilo ni mwalimu wa kijijini baada ya kontena kufunguliwa na aliyeleta kuondoka.

Waliolielewa hili mapema walifanya kazi nzuri, na haki yao tuwape. Huko London katikati ya miaka ya tisini, Tony Roberts alianzisha Computer Aid International. Utaratibu wao ulikuwa wa kifundi hasa: kila mashine iliyopokelewa ilipimwa, taarifa za mwenyewe zikafutwa, isiyofaa ikabaki Uingereza ikavunjwevunjwe huko huko, na iliyofaa ikasafirishwa. Kufikia mwaka 2011 walikuwa wametuma kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi nyingi duniani. Dublin nako, mwaka 2005, Cormac Lynch akaanzisha Camara, iliyoanza na Ethiopia na baadaye ikawa na kituo Kenya na Tanzania pia. Camara walikataa kupeleka mashine peke yake. Walifundisha walimu, na waliweka programu huria zisizolipiwa, ili shule isije ikadaiwa fedha za leseni miaka miwili baadaye.

Ila mimi katika wote nawapenda zaidi Computers for Schools Kenya, walioanza Nairobi mwaka 2002 chini ya Tom Musili. Hawa walikuwa ndio wapokeaji, Waafrika wenyewe, na walikuwa wakali. Shule iliyotaka kompyuta ilitakiwa kuonyesha chumba chenye nondo, umeme, na walimu walio tayari kufundishwa. Ilichangia gharama pia. Wapo walionung'unika kwamba sadaka gani hii ya masharti. Lakini kitu ulichokichangia unakitunza. Na walifanya jambo ambalo watoaji wengi hawakulifikiria: mashine iliyokufa shuleni ilirudishwa kwao. Walijenga karakana ya kuzifungua, kutenganisha plastiki, shaba, bodi na vioo, na kazi hiyo ikakua mpaka kuwa kituo kamili cha kushughulikia taka za umeme Nairobi.

Hapo ndipo naona tofauti ilipo. Mtoaji wa kawaida anafikiria siku ya makabidhiano, yale mapicha na utepe. Hawa walifikiria siku ya mazishi ya ile kompyuta.

Shule moja ya sekondari niliyosoma, sitaitaja, ilipata kompyuta za msaada nikiwa kidato cha pili. Zilikuja na vile vioo vyake vikubwa vyenye kisogo. Zikapangwa chumba cha karibu na ofisi, zikafunikwa vitambaa vya kufuma, na kila mgeni akija hupelekwa kuziona. Hatukuzigusa. Shule haikuwa na umeme. Ilikuwa na jenereta ambalo mafuta yake yalipatikana siku ya mahafali. Nimemaliza kidato cha nne ninajua kompyuta ni kitu kinachofunikwa kitambaa. Niliigusa ya kwanza nikiwa nimeshamaliza kozi ya ushonaji, kwenye kibanda cha kuchapisha barua Kahama, kwa kulipia.

Simlaumu aliyetoa zaidi ya aliyepokea, maana Wakala wa Nishati Vijijini wenyewe ulianza kazi mwaka 2007. Kabla ya hapo vijiji vingi vya ukanda huu vilikuwa giza. Na umeme unaweza kukosekana hata mjini. Waliokuwa Unguja mwezi Desemba 2009 wanakumbuka: waya wa baharini ulileta matatizo na kisiwa kikakaa miezi mitatu gizani, mpaka Machi 2010, mabiharusi wakipambwa kwa taa za jenereta na friji zikigeuka makabati. Kompyuta ya mezani ya kizamani pamoja na kioo chake hula wati 100 mpaka 200. Zidisha mara kompyuta ishirini uone jenereta la shule litakunywa kiasi gani.

Ndiyo maana mfano wa Karatu una thamani. Shirika la Powering Potential la Marekani, lililoanzishwa na Janice Lathen baada ya safari yake ya Tanzania mwaka 2006, lilianza na Shule ya Sekondari Banjika. Wao waliuanza umeme kwanza. Wakafunga paneli za jua, na baadaye wakatumia kompyuta ndogo sana ziitwazo Raspberry Pi, ukubwa wa kiganja, zinazokula wati chini ya 10, pamoja na maktaba ya masomo inayosomeka bila intaneti. Kimashine kile hakina fahari ya kupigiwa picha. Lakini kinawaka.

Sasa sehemu ya aibu.

Mwaka 1988, katika mji wa Koko nchini Nigeria, iligundulika kwamba maelfu ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia yamerundikwa uwanjani kwa mzee mmoja, aliyekuwa akilipwa kodi ya kama dola 100 kwa mwezi bila kujua anahifadhi nini. Kashfa hiyo na nyingine za miaka ile zilizaa Mkataba wa Basel mwaka 1989, unaodhibiti kuvusha taka za sumu kutoka nchi moja kwenda nyingine. Nchi za Afrika hazikutosheka, mwaka 1991 zikaandika mkataba wao mkali zaidi kule Bamako. Lakini mikataba ilikuwa na tundu. Ukiandika "taka" unazuiwa. Ukiandika "kompyuta zilizotumika, za msaada" unapita. Walaghai wakalijua tundu hilo haraka kuliko mashirika ya kheri. Wakaweka nzima chache mbele karibu na mlango wa kontena, na nyuma wakajaza zilizokufa. Msaada ukageuka njia ya bei nafuu ya kutupa.

Mwisho wake ulionekana Agbogbloshie, pale Accra, Ghana, ambapo kwa miaka mingi vijana na watoto walichoma nyaya motoni ili plastiki iungue ibaki shaba. Watafiti wa IPEN na Basel Action Network walipima mayai ya kuku waliokuwa wakichakura pale, na mwaka 2019 wakatoa matokeo: mtu mzima akila yai moja tu anavuka mara 220 kiwango cha Ulaya cha sumu ya dioksini kwa siku. Yai, dada zangu, ambalo unampikia mtoto asubuhi. Serikali ya Ghana ilibomoa eneo lile Julai 2021, lakini kazi ya kuchoma ilitawanyika mitaa ya jirani. Vile vioo vyenye kisogo navyo vina madini ya risasi ndani ya kioo chenyewe. Risasi ikiingia mwilini mwa mama mjamzito hufika kwa aliye tumboni, na mtoto mdogo huathirika ubongo. Ukiona watoto wanavunja monita dampo wachukue shaba, waondoe haraka.

Uganda waliona wamechoka. Mwaka 2009 walitangaza kupiga marufuku kompyuta, friji na televisheni zilizotumika. Mashirika ya msaada yalilalamika, yakasema mnamwadhibu mwanafunzi kwa kosa la mlaghai, na kwa kweli wote wawili walikuwa na hoja. Shule iliyokuwa inategemea kompyuta za bei nafuu iliumia. Lakini nchi isiyo na pa kuzika hizo mashine ingefanya nini? Rwanda wao walijibu kwa kujenga: tangu 2018 wana kiwanda Bugesera, kinachoendeshwa na Enviroserve, kampuni yenye asili ya Dubai, kinachofungua kompyuta chakavu, zinazotengenezeka zikatengenezwa na zilizobaki zikatenganishwa. Nikiona malori ya Rwanda yakipakia hapa Isaka huwa nafikiri, wenzetu hawa wana pa kuzipeleka zikifa. Sisi wa Kahama tuna mnunuzi wa vyuma chakavu, anayetaka bati na shaba, na kinachobaki anakitupa korongoni.

Na hicho anachokitupa ndicho chenye mali. Hapa niseme kama mtu wa ukanda wa dhahabu, maana huku kwetu, Geita, Kakola na Kahama, hata mtoto anajua neno karasha. Shirika la Jiolojia la Marekani liliandika mwaka 2001 kwamba tani moja ya mabaki ya kompyuta ina dhahabu nyingi kuliko inayopatikana kwenye tani 17 za mawe ya mgodini. Iko kwenye bodi, kwenye vile vijino vya njano vinavyogusana, kwa sababu dhahabu haishiki kutu na inapitisha umeme vizuri. Wajapani walilithibitisha mbele ya dunia: medali zote za Olimpiki ya Tokyo zilitengenezwa kwa vifaa chakavu vilivyochangwa na wananchi kati ya 2017 na 2019, zikiwemo simu milioni 6.21, wakapata kilo 32 za dhahabu, kilo 3,500 za fedha na kilo 2,200 za shaba. Halafu fikiria pete yako. Sonara hajali dhahabu imetoka Geita au kwenye simu ya mtu wa Osaka, ikishayeyuka ni moja.

Tafadhali asije mtu akasema kumbe, akachukua tindikali akaanza kuchemsha bodi uani. Huku tumeshaona zebaki inavyofanya. Wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga ule ili ishike dhahabu, kisha wanaichoma motoni, mara nyingine kwenye jiko la nyumbani, na mvuke unawaingia mama na watoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini kwenye mialo bado ipo. Tindikali ya kutoa dhahabu kwenye kompyuta ina ukatili kama huo. Ni kazi ya kiwanda chenye mitambo ya kuchuja moshi na maji.

Kuna jambo jingine kwenye historia hii linalowahusu mabiharusi zaidi ya wote, na linasemwa kidogo. Mwaka 2009 waandishi wa kipindi cha Frontline cha Marekani walinunua diski za kompyuta sokoni Tema, Ghana. Moja waliyoilipia dola 40 ilikuwa ya kampuni ya silaha ya Northrop Grumman, na ndani yake mlikuwa na nyaraka za mikataba ya serikali ya Marekani. Kampuni yenye walinzi na wanasheria, diski yake ilifika gengeni. Sasa wewe laptopu yako ina nini? Picha za singo, za hina na piko, za siku ya ukutini mkiwa wanawake watupu, nywele wazi, mabega wazi. Mliambiana simu zifungwe, mpiga picha awe mwanamke, milango ifungwe. Kisha miaka mitatu baadaye laptopu yenye picha hizo hizo inapewa skuli.

Kufuta kwa kubonyeza kitufe hakufuti. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu: sura zote bado zimo, na fundi mwenye programu ya bei ndogo anazirudisha kwa dakika chache. Unapoirudisha kompyuta katika hali ya kiwandani, chagua ile njia ya kusafisha diski yote, inayochukua masaa, usichague ile ya haraka. Au fanya ninavyofanya mimi, kwani kwenye kompyuta yangu ya duka zimo picha za wateja niliowapima: naitoa diski kwa bisibisi, nakaa nayo, naitoa kompyuta bila diski. Diski nyingine iliyotumika si ghali, na ukiinunua uiongeze kwenye sadaka sadaka yako imekamilika. Na kwa simu ni hivyo hivyo, toa na ile kadi ndogo ya picha, watu wanaisahau sana.

Nayaandika haya sasa hivi kwa sababu wimbi jingine linakuja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia bure Windows 10, na kompyuta nyingi zilizokuwa zinaitumia haziwezi kupokea Windows 11. Ni nzima, zinawaka, lakini maofisini zitaondolewa. Nyingi zitapanda meli kuja kwetu, na nyingi zitatolewa na watu wetu wenyewe, Dar, Muscat na Dubai. Zinafaa? Nyingi zinafaa sana, zikiwekewa programu huria kama walivyofanya Camara. Nyingine zitakuwa tende kavu. Takwimu za Umoja wa Mataifa zinasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na zilizokusanywa na kushughulikiwa kwa utaratibu unaojulikana ni asilimia 22.3 tu. Tundu la Basel limezibwa kidogo: tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za umeme, zenye sumu na zisizo na sumu, haziruhusiwi kuvuka mpaka mpaka nchi inayopokea ikubali kwanza. Tanzania bara nayo ina kanuni zake za taka za umeme za mwaka 2021 chini ya NEMC. Karatasi zipo.

Kwa hiyo kabla hujaita bajaji kupeleka mzigo skuli, piga simu uulize. Umeme upo, na unakatika mara ngapi? Nani atafundisha? Chumba kinafungwa? Wanahitaji kompyuta, au wanahitaji madawati? Kuna wakati jibu litakuwa madawati, na hapo ukiuza laptopu yako kwa fundi ukatoa pesa umefanya bora zaidi. Iwashe mwenyewe siku hiyo, si kwa kukumbuka kwamba mwaka jana iliwaka. Toa na chaja yake, maana laptopu bila chaja ni sinia. Kama betri imevimba usiitoe kabisa, inaweza kuwaka moto. Na ile isiyowaka usiipe skuli, mpe fundi wa kompyuta aikate vipuri. Kioo, kumbukumbu na kibodi za laptopu iliyokufa zinafufua nyingine tatu.

Kompyuta yangu ya dukani, ile ya kuhamishia michoro kwenye mashine ya kudarizi, ilikufa bodi mwezi uliopita. Kumbukumbu na kioo amechukua fundi Kahama, na kwa malipo ya vipuri ameitengeneza laptopu ya binti mmoja anayejifunza ushonaji kwangu. Diski ninayo kabatini. Bodi, pamoja na simu nne za wateja waliosema nizitupe, nimezifunga kwenye mfuko wa salfeti, zinasubiri dereva wa kuaminika anayeshuka Dar azifikishe kwa wanaozinunua kwa kazi hiyo. Mfuko umeshafika nusu.